Raia juu ya maadmeri: jibu kwa kijana wa Likoni

"Mwalimu, shikamoo. Nasoma historia, niko mwaka wa pili. Nimegundua kwamba Jeshi la Wanamaji la Marekani lina waziri wake peke yake, na wengi waliopata cheo hicho walikuwa raia tu: mawakili, wenye magazeti, wafanyabiashara. Mtu ambaye hajawahi kushika usukani anawaamuruje maadmeri, majemadari wa baharini? Vita vikizuka, ni yeye anayetuma manowari? Na mbona sisi Kenya hatuna waziri wa namna hiyo?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la katikati kwa sababu jibu lake ni fupi. La, hatumi manowari vitani. Sheria ya mwaka 1958 ilimtoa kabisa kwenye njia ya amri. Amri ya vita hutoka kwa Rais, hupitia kwa Waziri wa Ulinzi, kisha humfikia kamanda wa eneo. Zile manowari za Marekani zinazotia nanga Bahrain na kuzunguka Ghuba ziko chini ya kamanda wa namna hiyo, na Waziri wa Wanamaji hawezi kuziambia zigeuke kushoto wala kulia. Yeye kazi yake ni kuandikisha watu na kuwafunza, kununua meli na silaha, kusimamia vyeo, na kwenda mbele ya Bunge kueleza fedha zimekwenda wapi. Hata majina ya meli mpya ni yeye anayeyachagua.

Ukiyasikia hayo utasema, basi huyu ni karani mwenye gari zuri. Ngoja kwanza. Mimi naona cheo hiki kilizaliwa kikiwa cha mfuko, yaani cha fedha, na ugomvi wote wa miaka mia mbili na ushee kati ya mawaziri na maadmeri ulihusu jambo moja: mfuko unaishia wapi, na usukani, yaani amri ya meli, unaanzia wapi. Mwenye usukani bila mfuko hana meli ya kuendesha, na hilo maadmeri walilijua mapema kuliko mtu yeyote.

Tazama kilivyozaliwa. Wamarekani walipopigana na Waingereza kupata uhuru waliunda jeshi la baharini tarehe 13 Oktoba 1775, likiongozwa na kamati ya wabunge. Vita vilipokwisha hazina ilikuwa tupu, na meli ya mwisho, Alliance, ikauzwa mwaka 1785. Nchi ikabaki haina manowari hata moja. Maharamia wa Algiers, Afrika Kaskazini, wakaanza kukamata meli zake za biashara na kuwafunga mabaharia wake, hadi Bunge likapitisha sheria ya kujenga fregeti sita, yaani manowari za tanga, mnamo Machi 1794. Kazi hiyo wakapewa Wizara ya Vita, watu wa nchi kavu. Gharama zikapanda, mbao zikachelewa, na kufikia 1797 zilikuwa zimeshushwa majini tatu tu. Wabunge wakachoka na hesabu zisizoeleweka. Tarehe 30 Aprili 1798, huku meli za Ufaransa zikiwawinda wafanyabiashara wao, wakaunda wizara ya pekee kwa ajili ya wanamaji. Yaani palitafutwa mtu wa kusimamia bili. Mashujaa wa baharini walikuwepo tayari.

Aliyeombwa kwanza, George Cabot, alikataa. Akachukuliwa Benjamin Stoddert, mfanyabiashara wa Georgetown. Huyu nampenda. Akiwa na makarani wachache, alikodi, akanunua na kujenga, hadi jeshi likafika takriban meli 50, na alipoona muda wake unakwisha akanunua viwanja vya kujengea meli katika miji kadhaa ya pwani bila kungoja Bunge limpe ruhusa ya wazi. Wapinzani walipiga kelele. Viwanja hivyo, kikiwemo cha Brooklyn pale New York, vikaja kuwa uti wa mgongo wa jeshi kwa zaidi ya karne moja.

Shika jina la Brooklyn, kwa sababu lina habari yetu ndani yake. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Muscat na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alikuwa mfanyabiashara aliyewahi kufika Zanzibar na kuona karafuu na pembe zinavyouzwa. Aliipata safari ile kwa kuwa rafiki yake wa Portsmouth, New Hampshire, Levi Woodbury, ndiye aliyekuwa Waziri wa Wanamaji. Alisafirishwa na manowari iitwayo Peacock. Miaka saba baadaye Said akarudisha heshima: jahazi lake la Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, liliondoka Zanzibar na kufika New York tarehe 30 Aprili 1840. Lilikuwa limechakaa kwa safari. Serikali ya Marekani ikaamua lipelekwe Brooklyn, kwenye uwanja ule wa Stoddert, likatengenezwa upya kwa gharama ya wenyeji. Waziri wa Wanamaji wakati huo alikuwa James Paulding, mtunzi wa hadithi, mtu aliyezichukia meli za mvuke na kuona zitaharibu uzuri wa bahari. Nadhani jahazi la tanga kutoka Zanzibar halikumkera hata kidogo.

Sasa turudi kwenye ugomvi. Baada ya vita vya 1812 na Uingereza, Bunge lilikubali kwamba raia mmoja hawezi kujua kila kitu kuhusu kamba, mizinga na mbao, likaunda bodi ya manahodha watatu wamsaidie. Manahodha wale, akiwemo John Rodgers aliyeheshimika sana, hawakukaa hata mwaka kabla ya kudai kwamba waziri awaeleze pia meli zinakwenda wapi na nani anapewa ukuu wa kikosi. Waziri Benjamin Crowninshield akakataa. Shauri likafika kwa Rais Madison mwaka 1815, naye akaamua upande wa waziri: bodi ishughulike na vifaa, amri za meli na watu zibaki kwa raia. Kumbuka kwamba wakati huo waziri alikuwa na mfuko na usukani pamoja. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka mia moja.

Na si kwamba wote walikuwa hodari. Paul Hamilton, waziri wa mwanzo wa vita vya 1812, aliondoka akisemwa kwa ulevi. Mwingine, Thomas Gilmer, hakupata hata nafasi ya kujulikana: alikuwa na siku tisa tu kazini alipopanda meli mpya ya Princeton kwenye mto Potomac tarehe 28 Februari 1844, akiwa na Rais Tyler na wageni wengi. Walitaka kuona mzinga mkubwa uliopewa jina la Mleta Amani ukifyatuliwa. Ukapasuka. Gilmer akafa, pamoja na Waziri wa Mambo ya Nje Abel Upshur, aliyekuwa ametoka kwenye kiti hichohicho cha wanamaji, na wengine wanne, mmoja wao mtumwa wa Rais aliyeitwa Armistead. Rais alinusurika kwa kuwa alikuwa chini ya sitaha.

Mwaka uliofuata akaja mwanahistoria, George Bancroft, na hapa nitajivuta kidogo kwa sababu ni mwenzetu wa vitabu. Maafisa vijana wa wakati ule walijifunzia kazi melini, kwa kubahatisha. Bunge lilikuwa limekataa mara nyingi kutoa fedha za chuo. Bancroft hakuomba fedha. Aliomba ngome kuukuu ya jeshi la nchi kavu pale Annapolis, akapewa. Kisha akatumia fedha za mishahara ya walimu wa wanamaji zilizokuwepo tayari, akawaweka wengi wao kando, na kuwahamishia ngomeni wale aliowataka. Tarehe 10 Oktoba 1845 chuo kilifunguliwa kikiwa na walimu saba na wanafunzi wapatao 50. Wabunge walipogutuka, darasa lilikuwa linaendelea, na mwaka uliofuata wakakubali kulipia. Admeri hata mmoja hakuhitajika. Alihitajika mtu anayejua kusoma kitabu cha bajeti hadi pembezoni.

Ukiniuliza waziri mmoja wa kumsoma kwanza, nitakuambia Gideon Welles. Alikuwa mhariri wa gazeti huko Hartford, ndevu ndefu nyeupe na nywele za bandia kichwani, na Rais Lincoln alimtania kwa jina la mungu wa bahari wa Warumi. Watu walimcheka. Lakini hakuwa mgeni kabisa: kabla ya hapo alikuwa ameongoza idara ya chakula na nguo ya wanamaji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Lincoln alitangaza kwamba bandari zote za Kusini zimefungwa, pwani ya takriban kilomita 5,600. Welles alikuwa na meli kama 90 kwenye vitabu, na zaidi ya nusu yake hazikuwa kazini. Akanunua kila kilichoelea, vikiwemo vivuko vya abiria vya New York, akavifunga mizinga. Vita vilipokwisha alikuwa na meli zaidi ya 600. Ni yeye aliyesukuma kazi ya Monitor, ile meli ya chuma iliyopambana pale Hampton Roads Machi 1862 na kuzifanya manowari za mbao kote duniani zionekane za jana. Na mnamo Septemba 1861, wakati jeshi la nchi kavu bado linasitasita, aliruhusu watumwa waliotoroka waandikishwe kuwa mabaharia.

Alikuwa na doa, na doa lenyewe lilikuwa la mfuko. Kazi ya kununua meli New York alimpa shemeji yake, George Morgan, kwa malipo ya asilimia. Katika miezi michache shemeji akavuna takriban dola 70,000, wakati mfanyakazi wa kawaida hakuota hata sehemu ya mia ya fedha hizo. Meli zilinunuliwa kwa bei nzuri, hilo hata wapinzani walikiri, lakini Seneti ilimsulubu kwa maneno. Sisi huku tunayajua mambo ya zabuni na shemeji, kwa hiyo sina haja ya kukufafanulia.

Welles alikuwa na msaidizi aliyewahi kuwa afisa wa majini, Gustavus Fox, na huo ndio ulikuwa ufundi wenyewe: raia anayejua hesabu, na pembeni yake mtu anayejua bahari. Mahali ambapo msaidizi alikuwa na hamu kuliko bosi wake, mambo yalikwenda tofauti. Tarehe 25 Februari 1898, siku kumi baada ya manowari Maine ya Marekani kulipuka bandarini Havana, katika koloni la Hispania la Cuba, Waziri John Long alichoka akaenda kupumzika mchana mmoja. Akamwachia ofisi msaidizi wake, Theodore Roosevelt. Kabla ya jioni Roosevelt alikuwa amempelekea simu ya maandishi Komodoo Dewey, mkuu wa kikosi cha Asia: kusanya kikosi Hong Kong, jaza makaa, na vita na Hispania vikianza hakikisha meli zao haziondoki Asia, kisha ingia Ufilipino. Long aliporudi alinung'unika kwenye shajara yake kwamba kijana yule karibu alete balaa. Lakini amri ile kwa Dewey hakuifuta. Tarehe 1 Mei Dewey akateketeza kikosi cha Hispania Manila, na Marekani ikajikuta na koloni upande wa pili wa dunia. Mchana mmoja wa mapumziko, mwanangu.

Maadmeri kwa upande wao walitaka mkuu wao wa kudumu, wa kijeshi, mwenye mipango ya vita mkononi. Hapo wakakutana na Josephus Daniels, mwenye gazeti la Raleigh, aliyekaa kwenye kiti kutoka 1913 hadi 1921 akiwa na kijana Franklin Roosevelt kama msaidizi. Daniels alichukiwa na maafisa kuliko mtu yeyote kabla yake, hasa kwa kupiga marufuku mvinyo kwenye meza zao mwaka 1914. Admeri Bradley Fiske akapita nyuma ya mgongo wake, akakaa na mbunge aliyewahi kuwa mwanamaji, wakaandika sheria ya kuunda Mkuu wa Shughuli za Wanamaji mwenye mamlaka makubwa. Daniels akainusa. Hakuipinga waziwazi, aliipunguza makali hadi mkuu huyo akawa anafanya kazi "chini ya maelekezo ya waziri", ikapita Machi 1915. Kisha, cheo kilipokuwa tayari, hakumpa Fiske aliyekipigania. Akampa William Benson, nahodha tu, akiwaruka maadmeri wengi waliomtangulia. Katika siasa za ofisi sijui kofi tamu kuliko hilo. Ila Daniels si mtu wa kusifiwa bila kusita: gazeti lake ndilo lililochochea chuki dhidi ya watu weusi kabla ya mauaji ya Wilmington mwaka 1898, na hilo linapaswa kuandikwa kila anapoandikwa. Mtu huyohuyo, mwaka 1917, aliona sheria haisemi karani wa wanamaji lazima awe mwanamume, akaandikisha wanawake, wakafika takriban 11,000.

Baada yake akaja Edwin Denby, aliyewahi kuwa mwanamaji mwenyewe, na hakufaa. Meli zilikuwa zimehama kutoka makaa hadi mafuta, na serikali ilikuwa imetenga mashamba ya mafuta kwa ajili ya wanamaji huko California na Wyoming. Mwaka 1921 Denby alikubali usimamizi wake uhamie kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Albert Fall. Fall akayakodisha kwa matajiri kimyakimya, na mmoja wao akampelekea dola 100,000 taslimu kwenye mkoba. Fall aliishia gerezani. Denby hakuonekana kula hata senti, lakini alijiuzulu Machi 1924, kwa sababu alikabidhi mfuko wa wanamaji bila kuuliza.

Vita Kuu ya Pili ilibadili mizani. Baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, Admeri Ernest King alipewa ukuu wa meli na ukuu wa shughuli kwa pamoja, naye hakuwa mtu wa kuuliza ruhusa. Mawaziri Frank Knox, mwenye gazeti la Chicago, na baada ya kifo chake James Forrestal, mtu wa benki, wakashika viwanda na ununuzi kwa mikono miwili. King alijaribu zaidi ya mara moja kupanga upya wizara ili na hivyo viwe vyake. Akagonga mwamba, kwa waziri na kwa Rais. Ule mpaka wa mfuko na usukani ukachorwa vitani, kabla sheria haijauandika.

Kisha mwaka 1947 majeshi yote yakawekwa chini ya Waziri wa Ulinzi, na wa kwanza kukaa hapo akawa Forrestal mwenyewe, aliyekuwa amepigana cheo hicho kisiwe na nguvu. Kazi ilimvunja. Alijiuzulu Machi 1949 na Mei akafa kwa kuanguka kutoka dirishani katika hospitali ya wanamaji. Mwezi ule wa Aprili, mrithi wake alikuwa amefuta meli kubwa ya kubebea ndege, United States, siku tano tu baada ya ujenzi kuanza, na Waziri wa Wanamaji John Sullivan akajiuzulu kwa hasira: hakuulizwa. Akaletwa Francis Matthews, wakili wa Omaha, kilomita nyingi kutoka bahari yoyote, aliyetania kwamba uzoefu wake wa majini ni mtumbwi wa makasia. Jina la utani la Waziri wa Mtumbwi likamganda. Mwaka huohuo Waziri wa Wanamaji akapoteza kiti kwenye Baraza la Mawaziri, na 1958 likafuata lile nililokuambia mwanzo.

Lakini mfuko ulibaki, na mwenye kujua kuutumia bado anaogopwa. John Lehman alishika kiti mwaka 1981 akiwa na miaka 38, akaahidi jeshi la meli 600 na akakaribia sana kulifikia. Ni yeye aliyemstaafisha Admeri Hyman Rickover, baba wa nyambizi za nyuklia, aliyekuwa na miaka 63 ya utumishi na ambaye marais kadhaa hawakuthubutu kumgusa. Rickover alimtukana mbele ya Rais Reagan ofisini mwake. Akastaafu hivyohivyo, Januari 1982.

Na kwa upande wa pili, Aprili 2020, Thomas Modly, aliyekuwa akikaimu, alimwondoa nahodha Brett Crozier wa meli ya kubebea ndege Theodore Roosevelt kwa sababu ya barua ya nahodha huyo iliyovuja, ya kuombea msaada mabaharia wake walioambukizwa korona. Modly akaruka hadi Guam, akashika kipaza sauti cha meli na kumkejeli nahodha mbele ya mabaharia waliokuwa wamemshangilia. Mtu akarekodi. Kesho yake Modly akajiuzulu. Watu walikuwa wake kisheria, kuwateua na kuwaondoa; sitaha ile haikuwa yake.

Huenda unajiuliza pia kama lazima awe raia. Ndiyo, sheria inasema hivyo. Wengi wao waliwahi kuvaa gwanda ujanani, lakini aliyekuwa afisa wa kudumu lazima awe ameshaacha utumishi kwa angalau miaka mitano kabla ya kuteuliwa, na Seneti imthibitishe.

Kuhusu Kenya. Waingereza, ambao ndio waliotufunza ubaharia wa kijeshi, walikuwa na mkuu wa kisiasa wa wanamaji kwa karne nyingi. Churchill alikikalia kiti hicho mara mbili. Walikifuta tarehe 1 Aprili 1964 na kuunganisha kila kitu ndani ya Wizara ya Ulinzi. Jeshi letu la Wanamaji lilizinduliwa Desemba mwaka huohuo, likiwa na boti chache, makao yake Mtongwe, hapo jirani yako. Hata waliotulea walikuwa wameshaacha desturi hiyo, na kwa boti chache isingekuwa na maana. Kwa hiyo raia wetu ni yule mmoja wa Ulinzi, ambaye kwa Katiba ya 2010 ndiye mwenyekiti wa Baraza la Ulinzi, na kamanda wa wanamaji anakaa mezani pamoja na wenzake wa nchi kavu na wa anga. Mwanamaji naye anaweza kupanda hadi juu ya wote: Jenerali Samson Mwathethe alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 2015 hadi 2020. Ila bili za meli zinapitia Nairobi, kwa raia, na ukitaka kuandika tasnifu yako kuhusu nani anaongoza nini, anzia kwenye ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.